Arusi ni Desemba, uso uanze Julai: namna ya kupanga sindano za uso

Mama wa bi arusi alikuja kliniki Jumamosi ya kwanza ya Julai, kalenda ya ukutani ameikunja mkobani. Akaitandaza mezani kwangu na kuweka kidole juu ya Desemba 20, tarehe aliyoizungushia wino mwekundu.

"Mwanangu, nataka nipigwe zote siku moja. Ya kipaji, ya mashavu na ya mdomo. Wiki moja kabla ya arusi, ili ziwe mpya."

"Mama, ukipigwa wiki moja kabla, wageni utawapokea na uvimbe na mavilio ya damu, yale madoa ya damu iliyovia chini ya ngozi. Hebu tuhesabu kwa kurudi nyuma."

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kukuandikia. Mimi ni muuguzi tangu 2003, na miaka 11 ya mwisho namsaidia daktari wa ngozi hapa Mombasa. Anayedunga ni daktari. Mimi napokea watu, naandika historia zao, napiga picha, naandaa dawa, na simu za usiku zinaingia kwangu. Hizo simu za usiku zimenifunza kuliko semina zote nilizohudhuria. Nyingi hutoka kwa watu waliodungwa vitu vitatu kwa mkupuo mmoja mahali pengine, na sasa jicho limeshuka au shavu linauma, na hawajui ni kipi kati ya vile vitatu kimeleta shida.

Jua kila sindano ina kazi gani

Hapa kwetu watu husema "Botox" wakimaanisha sindano yoyote ya uso. Ukianza kupanga, tenganisha makundi matatu, maana kila kundi lina saa yake.

La kwanza ni sumu ya botulini, na Botox ni jina moja tu la kibiashara la dawa hiyo. Hii hulaza msuli: huzuia neva kutoa asetilikolini, ile kemikali inayouamuru msuli ujikunje. Habari yake kwenye urembo ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1987, pale daktari wa macho Jean Carruthers alipokuwa akitibu watu ambao kope zao hujifumba zenyewe. Mgonjwa mmoja alilalamika kwamba safari hiyo hakudungwa kati ya nyusi, kwa sababu kila akidungwa pale ndita zilikuwa zikipotea. Carruthers alikuwa ameolewa na daktari wa ngozi, Alastair, na wawili hao wakaifuatilia. Marekani iliidhinisha Botox kwa ndita za kati ya nyusi mwaka 2002. Ukidungwa leo, utaanza kuona tofauti siku ya pili au ya tatu, itakamilika kufikia siku ya 14, kisha itaondoka taratibu kati ya mwezi wa tatu na wa nne.

La pili ni fila, na fila hujaza. Zinazotumika zaidi ni za asidi ya haialuroniki, kitu ambacho mwili wetu unacho tayari. Karl Meyer na John Palmer waliigundua mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Matokeo huonekana palepale, lakini usiyaamini ya siku ile, maana uvimbe umechanganyika na dawa. Subiri wiki mbili hadi nne. Kulingana na aina na mahali, hukaa miezi sita hadi mwaka na nusu, na mdomoni huisha mapema zaidi. Ubora wake mkubwa kwangu ni kwamba ina dawa ya kuiyeyusha, haialuronidezi. Shika jina hilo, nitalirudia.

La tatu ni vichocheo vya kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, kama Sculptra na Radiesse. Sculptra haijazi siku hiyo. Huufanya mwili ujenge wenyewe kwa miezi. Haina dawa ya kuiyeyusha, na Radiesse vilevile.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kundi hili la tatu lina uzito wake moyoni mwangu. Kabla ya kuja kwenye ngozi nilifanya kazi kliniki ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI, miaka ile ambayo stavudini ilikuwa katika dawa za mwanzo. Iliokoa watu, nimewaona wakiinuka kitandani. Lakini iliwala mafuta ya mashavu. Mtu alikuwa mzima, anafanya kazi, analea watoto, na uso umezama panja na mashavu hadi jirani akimwona anajua. Wengine waliacha dawa kwa sababu ya uso tu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza stavudini iondolewe mwaka 2009. Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya nyuso hizohizo, miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kwa urembo. Katika wagonjwa wangu sikumwona hata mmoja aliyeipata. Kwa hiyo mtu akiniambia kujaza shavu ni anasa tupu, huwakumbuka wale, na huipanga kazi hii kwa heshima.

Julai: mwezi usio na sindano

Mama yule alitarajia kudungwa siku ileile. Aliondoka na karatasi ya mambo ya kufanya, na sindano hakupata hata moja.

La kwanza lilikuwa meno. Alikuwa na jino la kung'oa. Kazi ya meno huachilia bakteria kwenye damu, na kwenye fila changa wanaweza kujificha wakaleta uvimbe baadaye. Sisi huacha wiki mbili baina ya meno na fila, kabla na baada. Chanjo nayo tunaipa nafasi hiyohiyo, kwa sababu kinga ya mwili ikiamshwa inaweza kuvimbisha mahali palipodungwa.

La pili lilikuwa gumu zaidi, mkorogo. Alikuwa akipaka krimu ya kung'arisha kwa miaka, ya kopo lisilo na maandishi. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi, na steroidi hukonda ngozi na kudhoofisha mishipa midogo. Ngozi hiyo ukiigusa na sindano inavilia damu ovyo, na vilio la damu kwenye ngozi yetu nyeusi linaweza kuacha doa la miezi. Hakuambiwa aache ghafla, maana ukiacha ghafla uso unawaka na kutoa vipele; daktari alimshusha polepole. Pamoja na hiyo akaanza losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Ningekuwa na uwezo wa kukupa jambo moja tu kutoka mwezi huu wa kwanza, ningekupa hili.

Kisha dawa. Njoo na orodha ya kila unachokunywa. Aspirini, ibuprofeni, mafuta ya samaki, vitamini E, vidonge vya kitunguu saumu na vya tangawizi, vyote huongeza kuvilia. Tangawizi ya kwenye chai haina neno. Aspirini uliyopewa na daktari wa moyo usiiache kwa ajili ya uso, hata siku moja; afadhali vilio la damu. Ikiwa umechomwa antibiotiki iitwayo gentamaisini karibuni, sema, kwa sababu huzidisha nguvu ya sumu ya botulini. Mwenye ugonjwa wa misuli kulegea uitwao miastenia, mjamzito na anayenyonyesha, hao hawadungwi. Mwenye historia ya vidonda vya homa mdomoni hupewa dawa ya virusi kabla ya kuguswa mdomo. Mwenye makovu yanayoota aseme mapema. Na kama kuumwa na nyuki kuliwahi kukuvimbisha hadi ukapelekwa hospitali, sema pia, maana sumu ya nyuki ina haialuronidezi, na daktari anahitaji kujua kabla ya siku ambayo atalazimika kuitumia kwako.

Mwisho picha. Mbele, pande zote mbili, ukiwa umetulia, ukicheka, ukikunja ndita, ukiinua nyusi. Mwanga uleule, mahali palepale. Kila uso una upande mmoja ulio chini kidogo, na mtu huugundua baada ya sindano, anapokaa mbele ya kioo saa nzima. Picha ya Julai itakuonyesha kwamba ulikuwa hivyo tangu zamani.

Sumu kwanza, na mara ya kwanza ni majaribio

Sisi tulianza na sumu Agosti 16. Sababu ni hii: msuli ukipumzika, mkunjo unaobaki ndio mkunjo wa kweli, na fila inayohitajika ni ile ya kuuziba huo tu. Ukianza na fila wakati msuli bado unakunja, utaweka nyingi kuliko haja, na msuli utaendelea kuisukuma.

Ipo sababu nyingine ya kuanza mapema hivyo, na hii watu hawaambiwi. Dozi ya kwanza ya sumu kwenye uso wako ni makisio, hata kwa daktari hodari. Kiwango cha kawaida cha Botox kati ya nyusi ni yuniti 20 katika sehemu tano. Kipaji yuniti 20 nyingine. Pembeni mwa macho 24, yaani 12 kila upande. Lakini nyusi zako ni zako. Kwa hiyo mara ya kwanza iwe mbali na sherehe, ujifunze uso wako unaipokeaje, halafu mara ya pili ndiyo ya arusi. Baina ya hizo mbili pasipungue miezi mitatu, kwa kuwa kuidunga mara kwa mara kunaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi yake, na siku moja ikakataa kufanya kazi.

Usihesabu yuniti za dawa moja kwa nyingine. Dysport, sumu ya botulini ya jina jingine, hupimwa kwa kipimo chake. Kati ya nyusi ni yuniti 50, na haimaanishi umepewa mara mbili na nusu zaidi. Mtu akikupa bei "kwa yuniti" bila kutaja jina la dawa, bado hajakupa bei.

Sasa kuhusu kuchanganya sehemu za kudunga, nakwambia kutokana na uso wangu mwenyewe. Miaka ya nyuma, kabla sijaja hapa nilipo, nilidungwa kipaji peke yake mahali fulani, kwa haraka, siku 12 kabla ya arusi ya mpwa wangu. Hakuna aliyenieleza kwamba msuli wa kipaji ndio pekee unaoinua nyusi, na ile ya kati ya nyusi kazi yake ni kuzivuta chini. Ukilaza unaoinua na kuiacha inayovuta, nyusi zinaanguka. Zangu zilianguka. Katika picha zote za arusi ile naonekana mtu aliyenyimwa usingizi, na mpwa wangu aliniuliza kama nina huzuni naye. Ilichukua wiki kumi. Marekani ilipoidhinisha kipaji mwaka 2017, iliidhinisha kidungwe pamoja na kati ya nyusi, kwa sababu hiyohiyo. Basi ukisikia "tukupige kipaji tu, ni nafuu", uliza na hii inayovuta chini itafanywaje.

Fila baada ya siku 14, na anzia juu

Agosti 30 mama alirudi. Ndita zilikuwa zimelala, ila alisema kipaji kinamwelemea kidogo ifikapo jioni. Tukaandika. Siku hiyo ndipo mashavu yalipoanza.

Wengi wetu weusi hatuzeeki kwa vijikunjo vidogo kama wazungu. Melanini inatukinga na jua. Kwetu uso hushuka kwa kati: shavu linapoteza ujazo, chini ya jicho panazama, na mstari kutoka puani hadi pembe ya mdomo unachimbika. Mtu anauona mstari na kuomba mstari ujazwe. Lakini mstari ni mahali mzigo ulipotua. Ukiinua shavu, nusu ya mstari huondoka wenyewe. Kwa hiyo mpangilio ni panja na mashavu kwanza, ndani kabisa karibu na mfupa. Kisha taya na kidevu. Kisha mistari iliyobaki. Chini ya macho mwisho, kwa matone. Mdomo unaweza kukaa popote katika safari hiyo, mradi uwe na wiki tatu mbele yake, maana huvimba sana.

Bomba moja la fila ni mililita 1. Kijiko cha chai ni mililita 5. Nawaeleza watu hivyo kwa sababu wanaposikia "mabomba mawili" wanaogopa, na wanaposikia "nane" hawaogopi inavyostahili. Mama alipata moja kila shavu. Septemba 27, baada ya wiki nne, daktari akaongeza nusu mililita kushoto na kusimama hapo. Tulipomshikia kioo, mdomo akauacha mwenyewe: mashavu yaliporudi, mdomo haukuwa mwembamba tena machoni pake. Ndiyo faida ya kugawa kazi. Nusu ya orodha ya Julai haihitajiki ifikapo Septemba.

Nusu iliyobaki ndani ya bomba lile tuliitupa. Usikubali iwekwe kwenye friji kwa ajili yako mwezi ujao, na usigawane bomba na dada yako hata kama mmezaliwa tumbo moja. Bomba lililogusa ngozi limekwisha kuwa na wadudu na damu ya mtu.

Ikikulazimu kufanya sumu na fila siku moja, labda umesafiri kutoka Maskati na una wiki mbili tu za likizo, inawezekana, na madaktari wengi hufanya. Lakini fila itangulie na sumu ifuate, kwa sababu fila hubonyezwa na kukandwa, na ukikanda juu ya sumu mbichi unaweza kuipeleka kwenye msuli usiohusika. Vyombo vya kupasha ngozi joto na leza navyo vitangulie; ukishaweka fila, vipe wiki mbili hadi nne. Sculptra, kwa anayeitaka, inabidi ianze mapema kuliko yote, vikao viwili au vitatu vyenye mwezi mmoja baina yake, na ukandaji wa nyumbani: dakika 5, mara 5 kwa siku, siku 5. Isiwekwe pamoja na fila nyingine mahali pamoja siku moja, maana uvimbe ukija hutajua umshike nani.

Pua kwa fila mimi sikupangii. Mishipa ya pale na ya kati ya nyusi imeungana na ya jicho.

Sijda, singo na msusi

Hivi vitu havimo katika maelekezo ya makopo, na ndivyo vinavyoharibu kazi.

Baada ya sumu tunamwomba mtu akae wima saa nne na asibonyeze paji. Ushahidi wa saa nne si mzito, lakini ni ushauri usiogharimu kitu. Sasa mwenye kuswali atafanyaje? Sijda ni paji kugusa ardhi na kichwa kushuka. Wateja wengine huona haya kuuliza, wanaondoka na wasiwasi. Jibu letu ni kupanga saa: njoo saa mbili kamili asubuhi, utakuwa umemaliza kabla ya saa mbili na nusu, na Adhuhuri inakukuta saa sita na nusu, saa nne zako zimetimia. Anayekuja alasiri ndiye anayejibana.

Nywele zifanywe kabla. Msusi anayesuka mistari midogo na kuvuta paji, draya ya joto, kukandwa kichwa, gundi ya wigi kwenye ukingo wa paji, hivyo vyote vipite siku mbili kabla ya sindano, au vingoje wiki. Kutinda nyusi vilevile. Mtandio uliobana kwa pini juu ya panja zilizojazwa, ulegeze kwa siku chache.

Kwa bi arusi mwenyewe, jihadhari na singo, ile kusuguliwa ngozi kwa manukato kabla ya arusi. Binti akiwekwa ndani, somo wake, yule mama anayemfunda, atamsinga uso kwa mikono yote miwili, siku baada ya siku, na kumfukiza. Ni jambo zuri, nami nilisingwa. Lakini mikono ya somo juu ya fila ya wiki moja ni kukanda tu kwa jina jingine. Acha wiki nne baina ya fila ya mwisho na singo ya kwanza, na mwambie somo wako ukweli. Wao ni watu wa siri. Mabinti wanaomficha ndio wanaopata taabu.

Kichupa, friji na jina la anayekudunga

Botox ambayo haijachanganywa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mji wetu una joto na umeme hukatika. Uliza friji ina jenereta au betri. Omba kichupa kifunguliwe mbele yako, usome jina, tarehe ya mwisho na nambari ya toleo. Kinachokuja kimeshavutwa ndani ya bomba kutoka chumba kingine, hukijui. Aprili 2024 Marekani, yenye ukaguzi wote ule, ilitoa tahadhari kuhusu Botox bandia baada ya watu 22 katika majimbo 11 kupata madhara. Silikoni ya maji usiikubali kwa bei yoyote, haitoki. Anayekudunga awe daktari aliyesajiliwa, na usajili wake uuangalie kwenye orodha ya baraza la madaktari la nchi yako kabla ya kulipa amana.

Kisha uliza swali moja kwa sauti: "Haialuronidezi mnayo hapa, leo, ya kutosha?" Anayeweka fila bila kuwa nayo, inuka uondoke. Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi inayolishwa na mshipa huo huanza kufa, na dawa ya kuiyeyusha inatakiwa ndani ya saa, haingoji kesho.

Dalili zake zijue kwa rangi yetu, maana vitabu husema "ngozi hugeuka nyeupe", na juu ya ngozi nyeusi weupe huo unaweza usiuone. Tazama kwa namna nyingine. Bonyeza mahali pale kwa kidole, hesabu mbili, achia, ulinganishe na upande wa pili: damu irudi kwa kasi ileile. Geuza mdomo utazame ndani yake na fizi. Angalia madoa yenye umbo la wavu, rangi ya majivu au ya zambarau. Sikiliza maumivu: ya kawaida hupungua, haya huzidi, na kwa vile fila nyingi zina ganzi ndani, yanaweza kuanza saa kadhaa baadaye ukiwa umeshafika nyumbani. Ukiona hivyo piga simu palepale, weka kitambaa cha uvuguvugu, barafu iweke mbali. Jicho likififia au likiuma ghafla, usipige simu ya kuuliza, nenda. Retina, utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, ikikosa damu ina takriban saa moja hadi moja na nusu. Kabla ya siku ya sindano ujue hospitali gani iliyo karibu nawe ina daktari wa macho usiku, na nani atakuendesha.

Usiku wa Agosti 30 mama alilala kwa dada yake, nyumba mbili kutoka kwangu. Tulipanga hivyo makusudi.

Daftari

Tunapokea watu kutoka Dubai na Ulaya ambao wana kitu usoni na hawajui ni nini. Daktari hawezi kuyeyusha asichokijua, wala kuongeza juu yake. Kwa hiyo nunua daftari dogo. Sanduku la fila huja na vibandiko vyenye nambari ya toleo. Omba kimoja ukibandike humo. Andika tarehe, jina la dawa, kiasi, na mahali. Chora uso wa duara na uweke nukta, inatosha. Andika pia ulivyojisikia siku ya 3, ya 7 na ya 14.

Daftari ndilo lililotusaidia Novemba 15, sumu ya pili. Tulisoma yale ya Agosti, yuniti 40 na kipaji kuelemea jioni. Daktari akashusha kipaji kutoka 20 hadi 14 na kuacha kati ya nyusi zilezile 20. Novemba 29 alikuja kwa ukaguzi, nyusi zikiinuka vizuri akicheka. Hakuna kilichoongezwa. Baada ya tarehe hiyo hatukukubali chochote, ingawa alipiga simu Desemba 9 kuuliza kidogo tu chini ya macho, kwa sababu shemeji yake kasema. Wiki moja na nusu haitoshi vilio la damu kuondoka.

Desemba 27 alileta picha za arusi pamoja na halua, akafungua daftari mezani kwangu. Chini ya maandishi yangu ya mwisho alikuwa ameongeza kwa mkono wake: Februari 14, si kabla.